Matairi Mawili ya Mbele

Nyumbani,
Chumba cha cherehani.
Jumapili, tarehe nane, mwezi wa sita.

Mpendwa mpwa wangu,

Kwa heshima na taadhima, mimi mjomba wako, fundi nguo, mmiliki halali wa nusu ya mbele, nakutangazia rasmi kwamba gari la marehemu babu yako limevaa viatu vipya. Viwili. Vya mbele. Wanaohusika wajulishwe, na wasiohusika waache kucheka.

Haya, nimeruka salamu, na babu yako angekuwa hai angenipiga kofi la kisogo. Hujambo mwanangu? Baridi ya huko imepungua, au bado unalala na soksi? Kazi na masomo vinakwendaje? Sisi huku tu wazima. Goti langu linalokanyaga cherehani linalalamika, lakini hilo limezoea kulalamika nami nimezoea kutolisikiliza. Mkaza mjomba wako hajambo kabisa, anakusalimu sana, na anasema kama nitakuandikia utani mtupu nisichanganye salamu zake na uongo wangu. Kwa hiyo nitajitahidi.

Najua mjomba wako mkubwa, Mkaguzi, amekwisha kukupigia simu. Si unamjua: alitunza ghala maisha yake yote, na hata baada ya kustaafu bado akiingia nyumba ya mtu anahesabu vijiko. Alikuambia kwamba safari ya mama yako ya hospitali ilikwenda vizuri, kwamba gari lilipata hitilafu ndogo njiani, na kwamba mama yako kwa ushujaa wake aliendelea peke yake mpaka akafika. Nilikuwa nimesimama pembeni yake akisema. Yote hayo ni kweli, isipokuwa "vizuri", "ndogo" na "ushujaa".

Wewe uliondoka kabla mgawanyo wa gari haujakomaa, basi nikueleze. Babu yako aliacha gari moja na watoto watatu. Mama yako akasema yeye hataki chuma. Akiwa na safari apakiwe tu. Tukabaki wanaume wawili. Mwanzoni tulilitunza kwa pamoja, maana yake hakuna aliyelitunza. Taa ya mbele ikavunjika, kila mtu akamtazama mwenzake. Ndipo Mkaguzi, kwa akili zake za ghalani, akapendekeza tuligawe kama rafu: mbele kwangu, nyuma kwake, mpaka upite kwenye nguzo iliyo baina ya milango. Nikakubali haraka kwa sababu redio iko mbele. Tangu siku hiyo haijaimba.

Mpaka ule tuliuheshimu, mwanangu, usipime. Mimi naosha mbele, yeye anaosha nyuma akijisikia, na mara nyingi hajisikii. Gari likawa linapita mtaani uso umetakata na makalio yamejaa matope. Majirani wakalibatiza Ukewenza. Mkaguzi hakubali kukaa mbele, anasema hawezi kuwa mgeni ndani ya gari lake. Basi yeye hukaa nyuma kama waziri nami naendesha kama dereva wake. Mama yako, ili asionekane anapendelea, wakati wa kwenda hukaa mbele na wakati wa kurudi hukaa nyuma.

Sasa nije kwa mama yako, maana yeye ndiye habari yenyewe.

Kwako kwenye simu alikuwa akisema ni kaukungu tu, kanakuja na kuondoka. Kaukungu hako kalikuwa hakaondoki. Mtoto wa jicho alikuwa ameshika macho yote mawili, la kulia zaidi. Chai alikuwa akiimimina kwa kuingiza kidole kikombeni, asikie inapofika. Siku moja akaja hapa dukani, mlangoni nimesimamisha lile sanamu langu la kuvalisha nguo, limevaa koti la mteja. Mama yako akalisalimu vizuri kabisa, akasubiri, kisha akaingia ndani amekasirika. "Mteja wako ana kiburi," akaniambia. "Nimemsalimu, hata kuguna hakuguna." Nilicheka, yeye mwenyewe akacheka nilipomwambia, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Halafu nilikwenda nyuma ya pazia nikajifanya natafuta uzi.

Daktari wa macho hakai katika hospitali yetu kubwa. Huja kwa zamu kutoka mbali, na akiondoka hakuna ajuaye atarudi lini. Muuguzi alituambia wazi kwamba jicho la kulia lisingoje zamu nyingine. Mama yako akajibu, "Tutaona." Mtu asiyeona akisema tutaona, jua ameogopa. Kisu karibu na jicho, nani asiyeogopa? Alitafuta kila kisingizio: mara kuku wanaatamia, mara paa linavuja, mara kuna msiba ambao bado haujatokea lakini mgonjwa ana hali mbaya. Tukambana. Wewe nawe ukambana kwenye simu, asante. Mwishoni akakubali, lakini kwa sharti moja: tumpeleke sisi wawili, ndugu zake, kwa gari la baba yake. Si basi, si gari la kukodi.

Sasa unajua ile barabara ya mlimani, mvua ikinyesha inakuwa sabuni. Na matairi yangu ya mbele yalikuwa yameisha, yanang'aa kuliko kipara changu. Nikaenda kununua mapya, Mkaguzi akanifuata kuhakikisha sivuki mpaka.

Muuza matairi ni mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, sisi tunamwita Mama Tairi. Alizunguka gari mara moja tu.

"Mnataka ngapi?"

"Mbili," nikasema. "Za mbele."

"Na nyuma?"

"Nyuma si kwangu."

Akamtazama Mkaguzi. Mkaguzi akakohoa. "Za kwangu bado zina meno."

"Meno? Baba, hizo ni fizi!" Watu wote wa pale wakaangua kicheko. Kisha akatulia, akatueleza kwa upole kama anayeongea na wagonjwa. Gari hili linavuta kwa miguu yote minne kwa pamoja. Tairi iliyolika inakuwa ndogo, mpya ni kubwa. Ya mbele ikizunguka mara moja, ya nyuma inataka kuzunguka mara moja na kidogo. Hicho kidogo kinakwenda kugombaniwa katikati, kwenye giaboksi ya kugawa nguvu, siku nzima, kila siku, mpaka ichoke. "Wekeni nne. Au subirini muweke nne. Wazee wangu, mnaendesha gari au mnagawana mirathi?"

Mimi ni fundi nguo, mwanangu. Mteja akiniletea suruali niipunguze mguu mmoja tu, nitamuuliza kama ana akili timamu. Lakini siku ile sikumwelewa Mama Tairi, au nilimwelewa nikaona nikinunua manne nitakuwa nimemvisha Mkaguzi bure, na yeye akaona akikubali atakuwa amekiri kwamba meno ni fizi. Sikio la kufa halisikii dawa. Tukaondoka na mawili, mbele kumependeza kama bwana harusi.

Wa kwanza kusikia alikuwa mama yako. Macho yake yalipopungua masikio yaliongezeka. Tulikuwa tunarudi kutoka kumjulia hali mgonjwa, yeye amekaa nyuma.

"Kuna kitu kinalia," akasema. "Kama nyuki waliofungiwa kwenye debe."

"Wapi?"

"Hapa chini ya miguu yangu."

"Basi ni nyuma," nikasema, roho ikatulia.

"Si nyuma," akasema Mkaguzi. "Nyuma nakujua. Kimya."

"Mbele pia kimya."

Mama yako akatuamua. "Haya, labda kinalia tumboni mwangu."

Kila safari alisikia nyuki wale, na kila safari sisi tulikagua, mimi kwangu, yeye kwake. Katikati hakuna aliyeinama. Katikati hakukuwa na mwenyewe.

Siku ya hospitali tuliondoka alfajiri, mawingu mazito, mvua imetoka kupita. Mama yako amekaa mbele, amejifunga mtandio, kadi ya hospitali ameining'iniza shingoni kwa uzi niliomshonea mwenyewe. Nyuki nao siku hiyo walikuwa wamegeuka mbwa, wananguruma. Tulipoanza kushuka mlima nikasikia harufu ya oili inayoungua. Nikajiambia ni jiko la watu. Jiko la nani, porini?

Ghafla chini pakalia mshindo kama mtu amepiga pipa kwa nyundo, magurudumu yakakamata, na gari likajizungusha juu ya lile tope taratibu, kwa madaha, kama mwali anayeonyesha gauni. Likasimama kandokando ya barabara. Tulikuwa wazima. Upande wa chini kulikuwa na korongo, sitakueleza lilikuwa karibu kiasi gani.

Ungetegemea wanaume wawili watu wazima wamshike dada yao mkono wamwulize ameumia? Tulimwuliza, ndiyo. Akasema hajaumia. Halafu tukashuka, mimi nikaenda kutazama mbele kwangu, Mkaguzi akaenda kutazama nyuma kwake. Oili ilikuwa inachuruzika katikati.

"Imetoka upande wako," akaniambia, "imetiririkia huku."

"Oili nayo huvuka mpaka siku hizi?"

"Nguzo ya mlango iko hapa. Tundu liko hapa. Pima."

Nami nikapima! Nilikuwa na futi yangu ya nguo mfukoni, nikalala chini ya gari na suruali ya safari nikapima kutoka nguzo mpaka tundu. Mkaguzi akapinga vipimo. Tukatupiana maneno ambayo ndugu hutupiana mara moja moja: nani alimuuguza baba, nani alikuwa mbali, nani alikula nini. Sitayarudia. Mwishoni nikasema basi, atuamue mwenyewe. Nikafungua mlango. "Dada, wewe sema, katikati ni kwa nani?"

Kiti kilikuwa kitupu.

Mpwa wangu, nimewahi kuogopa. Siku ile nilijua kwamba huko nyuma nilikuwa natania. Mlima, tope, malori yanashuka, korongo lile, na mtu asiyeona zaidi ya vivuli. Tuliita. Tukachungulia korongoni tukaogopa kuona, na tusipoona tukaogopa zaidi. Mjomba wako Mkaguzi, ambaye hata nyumba ikiungua atatoka kwa hatua za kupimwa, alikimbia. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope na hakukirudia. Alikuwa akimwita kwa lile jina la utotoni, lile ambalo mama yako alitukataza tusilitaje mbele ya watu, analia kama anayetafuta mtoto aliyepotea sokoni.

Tulimtafuta upande wa kurudi nyumbani, kwa sababu tulijua anaogopa kisu. Tukaupanda mlima mpaka juu. Hayupo. Kijana wa pikipiki akatusimamisha: ameona mama mwenye mtandio akipanda lori la matofali, lakini lilikuwa linakwenda kule, hospitali. Tukapanda pikipiki yake sote wawili, mimi katikati, Mkaguzi nyuma, mguu mmoja peku, amenikumbatia, sijui kwa baridi au kwa nini.

Tulimkuta kwenye benchi la wagonjwa, ameshabandikwa kipande cha plasta juu ya jicho la kulia ili wasikosee. Akatutambua kwa kuhema kwetu.

"Mmechelewa," akasema.

Mkaguzi alipiga magoti pale sakafuni mbele ya watu. Ndipo hadithi ya ushujaa ilipozaliwa: dada yetu, haoni, gari limekufa, kaenda mwenyewe! Mkaguzi aliwasimulia wauguzi, akamsimulia mfagiaji, kisha akakupigia wewe. Mama yako alinyamaza tu. Sisi tukadhani ni unyenyekevu.

Gari bado liko kwa fundi, tumbo wazi. Mama Tairi amesema tairi hata moja hatuuzii mpaka tuje wote wawili tuchukue nne zinazolingana, na tuje tumeshikana mikono, na akituona tunapima kitu atatufukuza. Mkaguzi amekubali. Juzi nilimkuta huko kwa fundi, ana ndoo, anaosha boneti. Sikumsemesha, nisije nikamshtua.

Jicho lilipasuliwa siku ileile. Nilibaki naye wodini, na asubuhi yake, kabla hawajaja kumfungua, aliniita karibu. Sasa hili ndilo lililotokea kweli, na ameniruhusu nikuandikie.

Alikuwa anarudi nyumbani.

Gari lilipopiga kishindo alishukuru Mungu, akajua leo hakuna kisu. Kisha akatusikia tukigombana juu ya oili, na juu ya baba, na akasema moyoni, hawa wakimaliza watanibeba mpaka huko, na mimi sitaki, na kelele zao sizitaki. Akashuka polepole. Akili yake ikamwambia: pua ya gari inatazama hospitali, kwa hiyo nyumbani ni nyuma ya gari. Akashika ubavu wa gari kwa mkono, akaufuata mpaka mwisho, akaendelea kwenda, mguu mmoja ukigusa majani ya kando ya barabara.

"Lakini gari lilizunguka, dada," nikamwambia.

"Nilijua limezunguka. Nilidhani ni mzunguko mzima. Kumbe nusu."

Dereva wa lori aliposimama na kumwuliza anakwenda wapi, alijibu, "Huko mbele." Dereva akaona kadi shingoni, akaelewa alivyoelewa, akampakia. Alipomshusha akamwambia, "Tumefika mama, Mungu akusaidie." Mama yako akashangaa nyumbani kumekuwa karibu hivi lini. Ndipo akasikia harufu ya dawa ya kusafishia sakafu.

"Ukafanya nini?"

"Nikatukana kidogo."

Angeweza kuondoka. Hakuna aliyemshika. Lakini miguu ilikuwa imechoka, akaomba pa kukaa, na kwenye benchi lile kulikuwa na mzee mmoja aliyefunguliwa jicho asubuhi hiyo, anangoja mtoto wake aje kumchukua. Mzee yule alikuwa anasoma. Si kitabu, alikuwa anasoma kila kitu, kwa sauti, hawezi kuacha. Usiteme mate sakafuni. Chumba namba nne. Sukuma. Bomba bovu. Anasoma hata rangi: mlango wa kijani, yule binti ana kitambaa chekundu, kuna mjusi pale juu, ana mkia mfupi, masikini, nani kamkata? Muuguzi akamwomba apunguze sauti, akasoma jina lililo kifuani kwa muuguzi. Mama yako alikaa akamsikiliza. Walipomwita aingie, aliinuka.

"Mwambie mwanangu sikuwa shujaa," akaniambia. "Nilitaka tu kumwona yule mjusi."

Mkaguzi akarudi, wauguzi wakaja wakamfungua. Alipepesa, akatoa machozi, akafuta. Akamtazama Mkaguzi, akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. "Jamani," akasema, "mmezeeka hivi, na hakuna aliyeniambia?"

Kisha akaomba simu yangu, akataka picha yako, ile uliyotuma juzi umesimama karibu na dirisha na koti la buluu. Picha zako zote, mwanangu, sisi ndio tuliokuwa tukimsomea. Tukimwambia umenenepa, unang'aa, mashavu yamejaa, unacheka. Aliisogeza simu karibu na lile jicho jipya.

"Huyu mtoto amekonda," akasema. "Nani aliyeniambia amenenepa?"

Mkaguzi alitazama dari. Mimi nilitazama sakafu. Tuliona, mpwa wangu. Tuliona tangu picha za mwanzo, na kila mtu alidhani mwenzake ndiye atakayekuuliza.

"Na hapa hacheki," akasema mama yako. "Hapa amefungua mdomo tu." Hakukasirika. Alinirudishia simu, akaniambia nikuandikie yote haya bila kuficha, hata la kwamba alikuwa anakimbia, halafu nikuulize na wewe yako. Basi nakuuliza. Kama ni kazi imezidi, kama ni upweke, kama ni kurudi unakotaka na unaona aibu kusema, hakuna hapa anayestahili kukucheka. Umeona mwenyewe tulivyo.

Mjomba wako Mkaguzi anakusalimu, na anaomba usimwulize habari za kiatu. Mkaza mjomba wako anakusalimu, amesoma barua hii mpaka hapa na salamu zake ameziacha zibaki. Binamu zako wote wanakusalimu. Mdogo wao anasema umtumie picha ya theluji. Jicho la kushoto la mama yako litangoja zamu ijayo ya daktari, na safari hiyo amesema mwenyewe atakwenda.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mzuri na watu wa kula nao. Jibu lako usiniletee mimi. Mwandikie mama yako, kwa herufi kubwa kidogo. Atasoma mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Mjomba wako mdogo, fundi nguo.